Bastola ya Mzee Shija na Fundi wa Uyole

Vijana wangu wa chuo cha ufundi, mliponiomba niwaandikie jambo moja kutoka miaka yangu ya kutengeneza bunduki, nadhani mlitazamia niwaeleze namna ya kunyoosha mtutu au kukaza springi bila kuivunja. Hayo mtafundishwa na watu wenye macho mazima kuliko yangu. Mimi nitawaeleza jinsi nilivyomtafuta fundi mwingine, kwa sababu ni katika kutafuta huko, nikiwa nimekwisha kustaafu, ndipo nilipoelewa kazi niliyokuwa nikiifanya maisha yangu yote.

Nilikuwa mtunza silaha wa askari wa wanyamapori, Iringa kwanza, kisha Mbeya, kisha Iringa tena. Sasa naishi Kalenga, ninalima alizeti kidogo na mahindi ya kula. Jicho la kulia limeingiwa na mtoto wa jicho, na mkono wa upande huohuo hutetemeka ninaposhika kitu chepesi. Asubuhi, ukungu unapopanda kutoka Mto Ruaha Mdogo, siwezi kusema kwa hakika ukungu upi ni wa mto na upi ni wangu. Miti ya mikaratusi hunijia kama inaogelea. Watu hunijia hivyohivyo, sauti kwanza, sura baadaye.

Kabula alinijia katika asubuhi ya namna hiyo.

"Kamwene, baba," alinisalimu kwa Kihehe mlangoni, kisha akacheka. "Nimefundishwa kwenye basi. Nikiendelea nitakosea."

"Kwa neno moja umefika mbali," nilimwambia. "Ingia, mama, uketi."

Alikuwa mwanamke wa makamo, Msukuma wa Igawa. Wazazi wake walihamia bonde la Usangu na ng'ombe wao yeye akiwa mdogo. Baba yake, Mzee Shija, alikuwa mfanyabiashara wa mifugo; alinunua ng'ombe mabondeni na kuwauza Chimala na kwingineko, na kwa kuwa alitembea na fedha za watu, zamani aliruhusiwa kumiliki bastola. Ilikuwa bastola ya Kiingereza, ya zile zenye gurudumu la risasi katikati, mpini wake wa mbao nyeusi. Mzee alikuwa amefariki. Kibali kilikuwa cha jina lake, hivyo polisi waliichukua bastola kuihifadhi, wakaieleza familia kwamba njia ni tatu. Mmoja wao aombe kibali chake mwenyewe, au fundi mwenye leseni aifanye isiweze tena kupiga na athibitishe hivyo, au iende kuyeyushwa.

"Iyeyushwe basi," nilisema. "Chuma hakina kilio."

Kabula alinitazama kwa upole, kama mtu anayemsubiri mwingine aamke. Akanieleza desturi ya nyumba yao. Matanga yanapoanuliwa, kitu ambacho marehemu alitembea nacho mkononi huwekwa katika mikono ya yule atakayeishika nyumba, na anayekiweka ni mdogo wake anayemfuata. Bila kitu hicho hakuna makabidhiano, na bila makabidhiano wazee huchagua upya. Mzee Shija alikuwa amemtaja yeye, mzaliwa wa kwanza. Anayemfuata ni Masanja, naye Masanja hakupinga waziwazi. Alisema tu kwamba ataomba kibali mwenyewe, na kwamba bastola lazima iwe inalia.

"Kwetu sasa hivi wafugaji na wakulima wa mpunga wanatazamana vibaya," alisema Kabula. "Maji yamepungua, njia za ng'ombe zimelimwa. Masanja anasema bastola isiyolia ni kijiko. Mimi najua, ikiwa nyumbani mwangu na inalia, kuna siku nitaombwa niiazime, na siku hiyo nitamzika mtu. Ikiyeyushwa, sina cha kupokea, nyumba inakwenda kwa Masanja, na Masanja akishika nyumba atanunua nyingine. Nataka inyamaze, baba, lakini ibaki yenyewe. Wazee wakiiona waseme, hii ni ya Shija."

Nilinyoosha mkono wangu juu ya meza, nikauacha utetemeke mbele yake. Sikuwa na maelezo bora zaidi.

"Sawa," alisema. "Basi nitafutie mkono mwingine."

Hapa lazima niwaeleze kuhusu aliyenifundisha, Mwalimu Yordani, Mbena mwenye sauti ndogo, ambaye sikumwona akikimbia hata mvua ilipomkuta njiani. Nilitoka chuoni nikijua michoro yote, naye akanipa bisibisi moja na jiwe la kunolea. Kwa muda mrefu kazi yangu ikawa kuinoa ncha ya bisibisi ile, nijaribu kwenye skrubu, niinoe tena, mpaka iingie katika mfereji wa skrubu bila kucheza. Kila bunduki ilikuwa na skrubu zake, na kila skrubu ilidai ncha yake. "Kichwa cha skrubu ni uso," alikuwa akisema. "Fundi mbovu huacha makovu usoni mwa watu." Tangu hapo sijapata kupima fundi kwa maneno yake wala kwa mashine zake. Natazama vichwa vya skrubu alizozifungua.

Msidhani kwamba miaka yote ilikuwa ya mafunzo mazito namna hiyo. Niliwahi kuletewa bunduki ambayo askari aliapa kwamba imerogwa, haipitishi hata upepo. Ndani ya mtutu nyigu walikuwa wamejenga nyumba yao ya udongo, safi, yenye vyumba. Mwingine aliniletea bunduki iliyopinda kidogo, akaeleza kwa heshima zote kwamba porini hakukuwa na mti wa kufungia chandarua. Mwalimu Yordani alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama mbu walimwuma. "Hapana, mwalimu." "Basi kuna kazi iliyofanyika," alisema, akaniachia mimi niinyooshe.

Tulipanda basi mimi na Kabula kwenda Mbeya. Mafundi bunduki wenye leseni ni wachache siku hizi, na huo ni uchache ambao mtu mwenye akili hapaswi kuusikitikia sana. Kabula alikuwa na picha za bastola kwenye simu, alizozipiga kituoni kwa ruhusa ya polisi. Zamani ningesafiri na maelezo tu kichwani. Sasa kitu chenyewe kilikuwa kifuani mwake, kikiwaka na kuzimika kila alipogusa kioo, na mimi, kwa jicho langu bovu, nilikiona kama jiwe lililomwagiwa asali: kimefunikwa chote na kitu cha rangi ya kahawia kilichoganda.

Fundi wa kwanza alikuwa kijana nadhifu, mwenye duka la vifaa vya uwindaji mjini na mashine ya kung'arisha ambayo ningeililia enzi zangu.

"Mzee, hii nakutolea huo uchafu wote," alisema. "Itang'aa mpaka uone meno yako."

"Na herufi zilizogongwa kwenye chuma?"

"Zitafifia kidogo. Lakini itang'aa."

Hakuwa mpumbavu. Alikuwa amezoea wateja wanaotaka kung'aa, na mteja humfunza fundi kama vile fundi anavyomfunza mteja. Jihadharini na hilo. Chuma kikishasuguliwa mpaka kingo zake zikawa mviringo, hakuna mashine ya kuzirudisha.

Fundi wa pili alikuwa na karakana karibu na soko, mtu mcheshi mwenye miwani ya kuchomea aliyoipandisha utosini.

"Kunyamazisha? Hiyo ndogo," alisema. "Nachomea triga, nyundo, gurudumu, vyote. Nikimaliza hata malaika hafungui."

"Na itafanana na nini?" Kabula aliuliza.

"Itafanana na kitu kilichochomewa, mama. Sikudanganyi."

Nilimheshimu kwa jibu hilo. Tulikuwa tunaaga nilipoliona kwenye meza yake gobori la mkulima fulani wa milimani anayefukuza nyani. Niliinama kwa jicho langu zuri. Skrubu zote zilikuwa hazina hata kovu moja, na mifereji ya vichwa vyake ilikuwa imelala kuelekea mbele, sambamba na mtutu, kama mistari ya shamba lililolimwa na mtu mmoja. Mwili wangu wote ulitulia. Nilihisi kama nimeingia chumbani nikasikia mtu niliyemfahamu utotoni akiongea chumba cha pili.

"Hizi ulizikaza wewe?"

"Mimi? Mimi nimeletewa nibadilishe mkanda tu," alisema. "Hizo ni za mama mmoja wa Uyole. Mimi sizigusi, nitaaibika."

Kwa hiyo tulikwenda Uyole tukifuata skrubu. Fundi aliitwa Atupele. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya shamba la viazi, na mlimani juu yake mawingu yalikuwa yamekaa kana kwamba yamepanga pale. Alijifunza kazi katika karakana ya serikali, akastaafu mapema, akaomba leseni yake. Tulimkuta akivuna viazi huku akiimba sauti ya pili ya wimbo wa kwaya, sauti ya pili peke yake, hata wimbo ukasikika kama mtu anayemjibu mwingine asiyeonekana.

Alinawa mikono, akaishika simu, akaitazama picha kwa muda mrefu. Hakuuliza aina ya bastola wala umri wake.

"Nani aliipaka hivi?"

"Baba," alisema Kabula. "Kila baada ya mavuno. Aliipaka samli, akaiweka darini juu ya jiko, pamoja na mbegu."

"Samli ya ng'ombe?"

"Mama, kwa Wasukuma kuna samli ya nani tena?"

Atupele akacheka, kisha akaikuza picha kwa vidole viwili. "Mafuta hupakwa pale chuma kinapokutana na chuma. Huyu mzee amepaka zaidi hapa nyuma, kwenye nyundo, mahali ambapo ungepaka kidogo kuliko kote. Mlikuwa mkiishika?"

"Hakuna aliyeruhusiwa. Aliipaka mwenyewe, akituambia tugeuke."

Atupele alirudisha simu. "Nitakuja," alisema. "Siahidi kitu mpaka niifungue."

Siku tuliyopangiwa tulikutana katika uwanja wa kituo cha polisi kilichohifadhi bastola, kando ya barabara kuu. Malori ya mpunga yalipita yakielekea Makambako, na kila lilipopita ardhi ilitikisika kidogo, kama ng'ombe anayejipangusa nzi. Masanja alikuwa amefika mapema. Alikuwa mtu mrefu, mwenye blanketi la wafugaji begani na buti za mpira, na kwa sauti yake nilijua kwamba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka kuogopa.

Alimsikia Atupele akiimba kwa chini huku akitandika kitambaa juu ya meza.

"Dada," alimwambia Kabula, "nilisikia unaleta fundi. Umeleta kwaya."

"Kwaya imekosa besi," alisema Atupele bila kuinua kichwa. "Simama hapo, kaka, usizibe mwanga."

Ofisa wa polisi aliileta bastola ndani ya kopo la biskuti. Kabla ya kuigusa, Atupele aliomba ndoo ya mchanga, akaulaza mtutu kuelekea mchangani. Alituweka sote nyuma yake. Nawaomba mlishike hili hata mkisahau mengine: silaha isiyofunguka ni silaha iliyojaa, haijalishi imelala miaka mingapi, wala nani amekuapia kwamba ni tupu. Kisha aliloweka vitambaa katika maji ya moto, akaifunika, akasubiri. Alibadilisha vitambaa, akasubiri tena.

Samli ilipoanza kulegea, harufu ilitoka. Ilikuwa harufu ya moshi, ya maziwa, ya mahindi ya mbegu, ya jiko ambalo mama amekwisha kuondoka na makaa bado yapo. Ilitanda uwanjani ikawa nzito kuliko harufu ya dizeli. Kabula aligeuka upande, pengine kwa mazoea, kama alivyokuwa akiamriwa utotoni. Masanja naye aligeuka. Nikawaona watu wazima wawili wameipa meza mgongo, wametulia, wakisubiri baba amalize.

Gurudumu lilizunguka. Atupele alilifungua, akalitazama kwenye mwanga, akamwonyesha ofisa. Halikuwa na risasi. Kisha akaivuta nyundo nyuma kwa kidole gumba, akaacha kuimba.

"Mzee Alfonsi," aliniita. "Shika hapa."

Jicho langu halikuhitajika. Kwa kidole nilihisi mahali ambapo ncha ya nyundo, ile inayogonga risasi, ingepaswa kuwapo. Palikuwa bapa tu, penye mikwaruzo mipana.

"Tupa ya kunolea majembe," nilisema.

"Tupa ya majembe," alikubali. "Na mtu mwenye subira kuliko tupa yake."

Masanja alisogea. "Imeharibika?"

"Imekatwa, kaka. Makusudi. Haiwezi kupiga hata risasi moja."

"Tangu lini?"

Atupele alikwangua kidogo kwa kijiti, akamwonyesha. "Samli ya juu ni laini. Hii iliyogusa mkato imekuwa kama utomvu wa mti. Nadhani ninyi mlikuwa wadogo."

Lori lilipita. Nilimfikiria Mzee Shija, ambaye sikumwona kamwe, ameketi mahali fulani na tupa ya majembe, akikikata kitu pekee ambacho serikali ilimruhusu ajilinde nacho, kisha akikificha kidonda kwa samli mwaka baada ya mwaka, na watoto wake na wageni wakimheshimu kwa sababu ya chuma kilichokuwa kimya. Kwa nini alifanya hivyo, hakuna aliyejua, na hadi leo hakuna ajuaye.

"Nyundo mpya inapatikana?" Masanja aliuliza.

Nitakuwa mkweli kwenu. Nilitaka Atupele aseme hapana. Neno moja lingemaliza kila kitu, na pengine lingeokoa mtu mabondeni huko. Nilimtazama, na nadhani alijua ninachokitaka.

"Inapatikana," alisema. "Isipopatikana naweza kuichonga."

"Halafu inalia."

"Italia."

Ofisa alieleza kwamba ndiyo sababu mkato ule peke yake hautoshi kuthibitishwa. Lazima mtutu utobolewe kwa chini na kuzibwa kwa pini ya chuma, mahali pasipoonekana, au familia iombe kibali upya. Kabula alijua, nami nilijua, kwamba Masanja akiondoka pale na kwenda kwa wazee kusema baba aliwadanganya, wazee watamsikiliza.

"Niishike," alisema Masanja.

Ofisa aliinamisha kichwa, na Atupele akampa. Aliishika kama mtu anayepima uzito wa mtoto wa mwenzake.

"Tulikuwa tunatoka Chimala," alianza, bila kumwelekea yeyote. "Tumeuza. Nilikuwa kijana tayari, na baba, peke yetu. Watu wakatuzuia njiani, wana mapanga. Baba akaitoa hii. Nikajua anapiga. Akaiweka juu ya jiwe, katikati yetu na wao, karibu zaidi na wao. Akarudi nyuma. Akawaambia, anayetaka kuua aichukue aanze yeye."

"Hukunisimulia," alisema Kabula.

"Alinikataza. Wakaitazama. Mmoja akanyoosha mkono, akaurudisha. Wakaondoka. Miaka yote hii najiambia waliogopa risasi." Aliigeuza bastola, akapitisha kidole kwenye mkato. "Wangeichukua, wangetuelekezea, ingegonga tu tik. Halafu mapanga. Alijua hivyo, akaiweka."

Samli ilikuwa ikimtiririka kwenye kifundo cha mkono, na hakuipangusa.

"Fundi," alisema. "Toboa."

Nilimwomba Atupele, kwa vile mikono yangu haikuwa na kazi, angalau ausawazishe ule mkato wa nyundo, uonekane wa kiufundi. Alikataa. Alisema kazi ya mtu mwingine iliyokwisha haiguswi, hata kama tupa ilikuwa mbovu. Naona alikuwa sahihi, na naona kwamba mwenye mashine ya kung'arisha na mwenye miwani ya kuchomea wangeufuta mkato ule bila kuuona.

Aliibana bastola kwa mbao laini, akachukua keekee ya mkono ya kutobolea chuma, akaanza. Alikuwa amezungusha kidogo tu Masanja alipoweka mkono juu ya wake. Atupele alimtazama ofisa, kisha akamwachia Masanja mpini wa keekee, akabaki kuiongoza ncha.

Masanja alizungusha. Chuma cha zamani ni kigumu. Nyuzi nyembamba za chuma zilianguka kitambaani zikimetameta, na mimi niliziona kama mvua ya mbali.

"Inatosha?" aliuliza, akihema.

"Bado."

Alizungusha tena. Ncha ilipopenya, sote tulisikia keekee ikizunguka bure. Atupele alipitisha pini, akaigonga, akaipapasa kwa kidole, akampa Masanja bastola aitazame. Nje haikuwa imebadilika. Herufi zilikuwapo, mpini mweusi ulikuwapo, rangi ya moshi ilikuwapo.

Masanja alisimama nayo pale uwanjani. Wazee hawakuwapo, na matanga yalikuwa hayajaanuliwa. Aligeuka, akaishika kwa mikono miwili, akaiweka katika mikono ya dada yake.

"Bado ina moto," alimwambia. "Angalia usiungue."